Mtoto wa marehemu kaka yangu ameshauriwa akapige ngoma na wenzake. Hii ni tiba kweli?

Shangazi_Mlezi

Habari zenu wadau. Niende moja kwa moja.

Ninalea mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka kumi. Tangu baba yake afariki amebadilika sana. Angekuwa analia ningejua pa kuanzia. Huyu hunyamaza kutwa nzima, halafu kwa kitu kidogo tu, mwenzake kukalia kiti chake kwa mfano, daftari linaruka, kiti kinapinduliwa, kisha anarudi kwenye ukimya wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu wake anasema darasani yupo lakini hayupo. Mshauri nasaha wa shule amejaribu kukaa naye. Mtoto anakodolea dirisha mpaka muda uishe, anasema "sawa", anatoka.

Sasa mshauri huyo amenipendekezea kikundi cha watoto wanaokutana mara moja kwa wiki kupiga ngoma. Kasema si darasa la muziki wala si kikundi cha burudani, ni sehemu ya msaada wa kisaikolojia. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini moyoni nikajiuliza: mtoto kafiwa na baba, sisi tunampeleka kwenye ngoma?

Kuna ushahidi wowote kwamba inasaidia, au ni yale ya "muziki ni dawa" yanayosemwa kila mahali? Nani anafaa kuongoza kitu cha namna hiyo? Na linalonisumbua kuliko yote: mtoto huyu hapendi makelele. Honi ikilia karibu yake anaziba masikio. Nimweke vipi katikati ya ngoma kumi?

Naomba mwenye uzoefu anijibu. Wa kukejeli apite pembeni.

Mzee_wa_Hoja

Mleta mada, pole kwa msiba. Sikejeli, nasema ninavyoona. Mtoto mwenye majonzi anatakiwa apate mtu mzima wa kuzungumza naye kwa utaratibu na kwa muda mrefu. Siku hizi kila kitu tiba. Kupaka rangi tiba, kufuga mbwa tiba, sasa ngoma nayo tiba. Mpeleke, lakini ujue akizoea atapiga kila meza ya nyumba hiyo na wewe ndiye utakayehitaji tiba.

KiganjaKizito

Mzee wa Hoja, la meza nakuunga mkono, na masufuria nayo yajiandae. Mengine tujadili.

Dada, pole sana. Hii ndiyo kazi yangu. Naongoza vikundi vya ngoma vya watoto na vijana, vingine shuleni, vingine kwenye makazi ya vijana waliopelekwa huko na mahakama. Si daktari wala mwanasaikolojia, ndiyo maana siingii kwenye duara bila mshauri nasaha kukaa nami humo humo.

Kwanza tuondoe uchawi. Ndani ya ngoma hamna dawa. Ngoma ikiwa peke yake ni chombo cha makelele kama alivyosema mzee. Kinachofanya kazi ni watoto wanane au kumi waliokaa duara, kila mmoja akingoja zamu yake, akimsikiliza wa kulia na wa kushoto asije akaharibu, na mtu mzima anayejua wakati wa kunyanyua mkono wote wanyamaze. Watafiti wawili wa Leipzig, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, walilipima hili mwaka 2009 kwa watoto wadogo kabisa, wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu, na minne na nusu. Mtoto alipewa ngoma na kuachwa apige pamoja na mtu aliye mbele yake, au pamoja na mashine inayopiga ngoma, au kufuatisha sauti ya spika. Wa umri wote walishika mdundo vizuri zaidi walipopiga na mtu. Mwaka uliofuata wawili hao walionyesha kwamba watoto wa miaka minne waliocheza na kuimba pamoja wakasaidiana zaidi baadaye kuliko wenzao waliocheza mchezo wa kawaida usio na muziki. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuuzia kanda ya midundo ya tiba mtoto asikilize chumbani peke yake, hicho ni kitu kingine kabisa.

Umeuliza ushahidi kwa watoto wa rika lake. Upo, ingawa si mwingi kama tunavyopenda kujitapa sisi wapigaji. Ninaoutegemea zaidi ni wa Ping Ho na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2011. Walikuwa watoto 101 wa darasa la tano, wa familia za kipato cha chini. Baadhi ya madarasa yalipata ngoma iliyochanganywa na mazoezi ya ushauri nasaha, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, mengine yakaendelea na masomo kama kawaida. Aliyeongoza alikuwa mshauri wa shule, si mwanamuziki. Walimu walijaza fomu za tabia kabla na baada. Kwa waliopiga ngoma, kujitenga na huzuni vilipungua, wasiwasi ulipungua, umakini uliongezeka, hata ukaidi ulishuka. Kasoro yake naijua: mwalimu anayejaza fomu anafahamu fika ni darasa gani lililopiga ngoma, na anayetarajia mema huyaona. Hata hivyo mambo yaliyobadilika ndiyo hayo hayo uliyoyaandika wewe.

Utakutana pia na watu wanaokwambia ngoma inaongeza kinga ya mwili. Wanautaja utafiti wa Barry Bittman wa mwaka 2001, ambao kweli ulipima damu za watu 111 na kukuta chembe fulani za kinga zimechangamka baada ya kupiga ngoma kwa kikundi. Lakini hao walikuwa watu wazima wenye afya zao. Hali kadhalika ule wa Royal College of Music, London, wa mwaka 2016: sonona na wasiwasi vilipungua katika wiki kumi za ngoma, kwa watu wazima waliokuwa wanapata huduma za afya ya akili. Ni habari njema, ila mtoto wako si mtu mzima mdogo. Anayekuletea hizo kama ushahidi wa watoto muulize tena.

Sasa hasira, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotoka. Utasikia "mwache apige, atoe hasira". Usikubali. Brad Bushman, mtafiti wa Marekani, mwaka 2002 alichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo 600. Waliudhiwa kwa makusudi, kisha wengine wakapewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine waupige wakifikiria mazoezi ya mwili, wengine hawakupiga chochote. Waliopiga wakimfikiria mbaya wao walitoka na hasira zaidi kuliko wote. Waliokaa tu bila kufanya lolote walionyesha ukali mdogo kuliko wale. Mtoto anayetwanga ngoma peke yake mpaka jasho limtoke, akiwaza yanayomuuma, anajifundisha kutwanga.

Kikundi kinachoongozwa vizuri kinafanya kinyume chake. Kuna zoezi ambalo silikosi kwenye kipindi hata kimoja: tunaanza kwa vidole, sauti ndogo kama mvua inapoanza kunyesha juu ya bati, tunapanda taratibu mpaka kishindo, tunakaa juu kidogo, halafu tunashuka. Kupanda kila mtoto anaweza. Kushuka ndiyo kazi. Wale wakali wanakata ghafla, kutoka kishindo hadi kimya, kwa sababu hapo katikati hawapajui. Huyo wako, kwa ulivyomweleza, ana sifuri na ana mia. Tunachomfundisha kwa mikono ni arobaini, hamsini, sitini, na kwamba mtu anaweza kukaa hapo na kurudi chini bila kiti kupinduliwa. Mwezi wa kwanza hutaona lolote nyumbani, nakwambia mapema.

Na kwa nini ngoma, si filimbi? Kwa sababu haina noti ya kukosea. Mtoto aliyefiwa, au aliyezoea kuambiwa kila siku kwamba amekosea, anaipiga mara ya kwanza na inalia kama ya mwenzake. Halafu haimlazimu kumtazama mtu usoni wala kutoa neno. Macho yako mikononi. Maneno huja baadaye, tena yanakuja pembeni: wakati wa kupanga viti, wakati wa kufuta ngozi. Ubongo nao una mchango wake. Mtu akisikia mdundo ulionyooka, sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo huchangamka hata akiwa ametulia tuli, ndiyo maana mguu unaanza wenyewe. Kwa mtoto ambaye mwili wake umekaza kama anangoja kipigo, kupata kitu kinachojirudia na anachoweza kukitabiri ni pumziko.

Nikupe mfano mmoja. Nilikuwa na binti wa miaka kama kumi na moja, siku zote yuko mbele ya wenzake, kama anakimbizwa. Kila mtu alikuwa amemwambia "polepole" mpaka neno lenyewe limekuwa tusi. Nikampa ngoma kubwa, ile inayoshika mapigo ya chini. Ngoma kubwa haina subira na mtu mwenye haraka: ukipiga la pili kabla la kwanza halijaisha, sauti zinagongana na vurugu unaisikia mpaka tumboni. Alivuruga, akanitazama, nikatazama pembeni. Akavuruga tena. Baadaye akaanza kuacha kiganja hewani, akisikiliza sauti iishe ndipo ashushe mkono. Wenzake wote walikuwa wanamtegemea yeye ili wajue wako wapi, na alilijua hilo. Hakuna aliyemwambia polepole.

Kuhusu makelele nitarudi, au mwenye ujuzi wa masikio atusaidie.

Shangazi_Mlezi

Asante sana KiganjaKizito. Sikutegemea jibu la namna hii. Hilo la sifuri na mia limenigusa, ndivyo alivyo.

Ila bado nina hofu ya makelele. Na nikiri jingine: hapendi makundi. Kwenye sherehe anatafuta kona. Je, akikaa tu asipige itakuwaje? Nimwambie ajitahidi?

Sikio_Bora

Nafanya kazi ya vipimo vya usikivu, nijibu kwa upande wangu.

Kuna mambo mawili tofauti hapa: sauti inayoumiza masikio, na sauti inayomtisha mtoto. Tuanze na la kwanza. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi watu wazima ni desibeli 85 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku. Kila ikipanda desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Yaani 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na ikifika 100 ni robo saa tu. Ngoma nyingi ndani ya chumba kidogo chenye sakafu ngumu na kuta tupu zinavuka 90 bila taabu. Kwa watoto tunataka chini ya hapo. Shirika la Afya Duniani, likizungumzia vifaa vya kusikilizia muziki, linawawekea watoto desibeli 75 pale ambapo watu wazima wanawekewa 80, kwa saa 40 za wiki.

Kwa hiyo uliza chumba kikoje. Zulia, mapazia, dari ya juu, au nje kabisa chini ya kivuli, vyote vinapunguza sana. Viganja vina sauti ndogo kuliko vijiti. Anayekaa karibu na ukuta au kwenye pembe anapokea sauti mara mbili, ya ngoma na ya kurudi ukutani. Vile vifuniko vya masikio vya watoto vinafaa, vipo vya saizi yao. Avae wakati wa kishindo, avue kukitulia. Asivivae kutwa nzima hata nyumbani, maana masikio yanayofichwa muda wote huzidi kuwa mepesi kushtuka.

La pili ni hili: honi inakuja bila taarifa na hana uwezo juu yake. Sauti anayoitoa mwenyewe, au anayoona mkono wa mwenzake ukishuka kuipiga, haimshtui kwa kiasi hicho. Nimepima watoto wengi wanaoogopa puto kupasuka lakini wao wenyewe ndio wapiga milango wakubwa. Kama anaziba masikio hata kwa sauti za kawaida, au analalamika yanauma, apimwe kwanza kabla ya kwenda huko.

BabaWaMmoja

Nami nichangie, kwa tahadhari. Kijana wangu ana usonji, ana miaka kumi na saba. Anapiga dramu za vijiti. Amepata faida, lakini nimeona pia wazazi wenzangu wakiuziwa matumaini, ndiyo maana naandika.

Mwaka 2022 watafiti wa King's College London na wenzao walichapisha utafiti wa vijana 36 wenye usonji, wa miaka 16 hadi 20, ambao hawakuwahi kupiga dramu. Nusu walifundishwa kwa wiki nane, nusu walisubiri. Waliofundishwa walipungua kutotulia, umakini ukaongezeka, na picha za ubongo zilionyesha mawasiliano kubadilika kwenye maeneo yanayohusika na kujizuia. Kwa kijana wangu niliona kitu cha karibu na hicho: anaweza sasa kumaliza jambo alilolianza.

Lakini upo utafiti mwingine ambao wauza matumaini hawautaji. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio kubwa la tiba ya muziki kwa watoto 364 wenye usonji, wa miaka minne hadi saba, katika nchi tisa. Haukuwa wa ngoma tu, ulikuwa wa muziki wa kubuni papo hapo pamoja na mtaalamu. Baada ya miezi mitano, dalili kuu za usonji hazikutofautiana na za wale waliopata huduma ya kawaida. Naendelea kumpeleka kijana wangu, ila nampeleka kwa sababu anafurahi, anatoka nje ya chumba chake, na ana rafiki mmoja aliyempata huko. Anayekuahidi zaidi ya hapo muogope.

Dogo_wa_Zamani

Shangazi shikamoo. Mimi nina miaka ishirini, nilipigishwa ngoma nikiwa mmoja wa hao vijana wa mahakama aliowataja KiganjaKizito hapo juu, ila si kwake.

Nilichopenda: ilikuwa saa moja ya wiki ambayo hakuna mtu aliyeniuliza kuhusu kesi yangu. Wote walioko pale walikuwa na kesi. Ukikaa na mtu mkapiga kitu kimoja mpaka kikakaa sawa, kesho yake humrukii kirahisi kwa sababu ya foleni ya chakula. Sijui sayansi yake.

Nilichochukia: mwisho wa kipindi tulikuwa tunazungushwa, kila mtu aseme "ngoma imenifundisha nini kuhusu maisha yangu". Unatunga uongo uondoke. Kama kikundi cha huyo mtoto kina hiyo tabia, waambie kupita bila kusema kuruhusiwe.

Na jingine. Kile kikundi kilikatika ghafla. Wiki hii kipo, wiki ijayo tumekaa tunangoja, hakuna aliyekuja, hakuna aliyetuambia kitu. Kwa mtoto aliyeondokewa na baba yake ghafla hilo ni pigo. Uliza mapema kitaisha lini na wataagana vipi.

Mzee_wa_Hoja

Nimesoma yote. La mfuko wa ndondi sikulijua, na miaka yote nimekuwa nikiwaambia vijana wangu wapige mto. Ila nashikilia hoja yangu: ushauri nasaha usikatwe kwa sababu mtoto sasa ana ngoma.

KiganjaKizito

Mzee, hapo tuko pamoja kabisa. Usikatwe. Tena dada, kama usiku halali, kama ameacha kula, au akitamka kwamba heri naye angemfuata baba yake, hilo si la kusubiri Jumanne ya ngoma. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo.

Dogo, asante kwa kuandika. Hilo la kuagana nalisema kila mahali na bado vikundi vinakatwa kwa sababu fedha zimeisha katikati. Sisi wiki ya mwisho watoto wanaijua tangu wiki ya kwanza. Iko ukutani, wanaifuta wenyewe zikisogea. Na la kuzungushwa wajieleze, mimi huuliza swali moja tu, "nani alisikia ngoma ya mwenzake leo?" Anayetaka anajibu. Wengi hawataki, tunafunga.

Dada, umeuliza akikaa tu asipige itakuwaje. Itakuwa vizuri. Hakuna kitu ninachokipenda kama mtoto anayekaa bila kupiga, mradi amekaa ndani ya duara. Mwambie aweke viganja juu ya ngozi ya ngoma yake, basi. Wenzake wakipiga, ngozi yake nayo inatetemeka ingawa hakuna aliyeigusa, na anaisikia viganjani. Wanashtuka, wanainua mikono, wanairudisha kuhakikisha. Ukiwa kiongozi hapo unafanya kama hujaona. Mara nyingi kinachofuata ni kidole kimoja, kikifuata mdundo wa mtu wa mbali kidogo, si wa jirani. Huyo mtu wa mbali mkumbuke, siku za mbele ndiye huwa wa kwanza kuzungumza naye. Kwa hiyo usimwambie ajitahidi. Ukimwambia ajitahidi, ngoma inakuwa somo jingine la kufeli.

Na hilo la kutopenda makundi nalielewa, ila kikundi hiki si sherehe. Kwenye sherehe hujui nani atakujia wala atakuuliza nini. Hapa ana kiti chake, ngoma yake, na anajua kinachofuata, kwa sababu tunaanza kwa namna ile ile kila wiki. Wengi wetu tunaanza na majina: mtoto anapiga silabi za jina lake, wengine wote wanamrudishia. Asiyetaka kulitaja hulipiga tu. Mtoto anayenyamaza kutwa anapiga mara tatu, ngoma tisa zinamjibu mara tatu. Hata wale wagumu hapo huinua macho.

Sasa ukienda kumwona huyo kiongozi, usimuulize amesomea wapi kupiga ngoma. Ping Ho na wenzake walitumia washauri wa shule, na mimi nimefanya kazi na wapigaji hodari ambao nisingewaachia kikundi cha watoto hata dakika tano, kwa sababu wanataka ipigwe vizuri. Muulize atafanya nini mtoto akilipuka katikati ya kipindi. Akijibu "tutamtoa nje", shukuru uondoke. Jibu zuri ni kwamba kuna mtu mzima wa pili wa kukaa naye, na kwamba kiti chake kitabaki kwenye duara akitaka kurudi. Muulize watoto ni wangapi. Wakizidi kumi na wawili kwa watoto wenye hali hiyo inakuwa gwaride. Na kipindi ni muda gani. Wahenga walishasema ngoma ya watoto haikeshi: dakika arobaini, arobaini na tano, inatosha. Mwenye kukwambia saa mbili hajawahi kukaa na watoto.

Shangazi_Mlezi

Nimeandika yote kwenye karatasi, na masikio yatapimwa kwanza. Swali la mwisho: nikae naye ndani siku ya kwanza?

KiganjaKizito

Siku ya kwanza kaa chumba cha pili au nje ya mlango, na mwambie uko hapo. Ukiwa ndani atakutazama wewe badala ya mikono yake, na wenzake watamtazama yeye. Akitoka usimuulize "ilikuwaje". Muulize kama ana kiu, mpe maji, mwende nyumbani. Viganja vitakuwa vyekundu kidogo, ni kawaida. Vikivimba wiki ya pili, mwambie kiongozi anapiga kwa vidole vilivyokaza, amwonyeshe namna ya kulegeza kifundo cha mkono.